Shandelia yangu ya kwanza ilikuwa plastiki, tuongee

Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, hakuwahi kusema shandelia, ile taa ya mapambo ya kuning'iniza darini, hata siku moja. Yeye alikuwa anasema thurea. Nyumba yao ya Mji Mkongwe kule Unguja ilikuwa nayo moja, imening'inia kwa mnyororo kwenye boriti, matawi sita, zamani ilikuwa ya mishumaa halafu baadae ikatiwa waya. Nimekuja kujua ukubwani kwamba neno lenyewe limetoka Kiarabu, na kwa Kiarabu ndo jina la zile nyota tunazoita kilimia, zile zilizobanana kama zinanong'onezana, na toka nijue hivyo kila nikiona hiyo taa naona wazee waliitazama juu wakafananisha wakaona hapa jina limepatikana.

Sa mimi nikaolewa nikaja Dar tukajenga, pole pole kama tunavyojenga wote, na miaka yote hiyo kichwani nna thurea ya bibi. Nyumba ilipofika finishingi nikashuka Kariakoo na hela yangu ya kikoba, nikaingia duka moja silitaji, jamani lile duka wamewasha taa zote kwa pamoja, dari halionekani, hapo hata ukitundika ndoo ya maji itang'aa. Kijana ananiambia "dada hii kristali orijino ya Italia," boksi limeandikwa Kichina pande zote nne. Nikalipa. Kuibeba nikasema mbona nyepesi hivi, nikajijibu mwenyewe kwamba ndo teknolojia.

Ilikuwa plastiki bana. Akriliki. Mwaka na nusu tu matone, vile vipande vinavyoning'inia, yamepauka, yale ya karibu na balbu yamekuwa rangi ya mafuta ya alizeti.

Kwa hiyo nisikilize mimi niliyeliwa. Ukifika dukani mwambie akupe tone moja mkononi, usiangalie huko juu. Kioo ni kizito na kina ubaridi, plastiki ukiishika kidogo tu inakuwa na joto la mkono wako. Gonganisha mawili taratibu, kioo kinalia, plastiki inasema tak tak kama vijiko vya aiskrimu. Halafu pitisha kucha pembeni, plastiki mara nyingi ina mstari wa mahali mold, yaani kalibu, ilipokutania, na kona zake ziko butu, wakati kioo kilichokatwa vizuri kona inakaa kali. Mwisho washa tochi ya simu, pitisha mwanga ndani ya tone uangukie kwenye karatasi nyeupe. Kona zikiwa kali unapata vipande vya upinde wa mvua vimetengana safi. Zikiwa butu unapata kitu kama mafuta yaliyomwagika.

Na hapo ndo penyewe, maana kristali haitoi mwanga, inaupokea inauvunja. Mwaka 1674 Mwingereza mmoja anaitwa George Ravenscroft alipata hatimiliki ya kioo chake kipya, na kilichokuja kukipa sifa ni oksidi ya risasi, ndio risasi hii ya betri za gari, ikakifanya kizito, rahisi kukata, na kinapinda mwanga kuliko kioo cha kawaida. Enzi hizo taa ni mishumaa, na mishumaa ni ghali, kwa hiyo ukiwa na matone mia yanayovunja mwanga wa mishumaa sita umepata sherehe. Mpaka leo Ulaya kioo hakiruhusiwi kuitwa kristali ya risasi kama hakijafika asilimia 24 ya hiyo oksidi. Zinazouzwa kwetu nyingi zikiwa za kioo kweli basi ni K9, kioo safi kisicho na risasi kinachokatwa kwa mashine China, na mimi sioni ubaya wowote, K9 iliyokatwa vizuri inatosha kabisa sebule ya mtu wa kawaida. Ubaya ni kuuziwa K9 kwa bei ya kristali ya Austria, au plastiki kwa bei ya K9.

Kosa la pili ni saizi na hili sikumlaumu mtu. Kuna hesabu mafundi wa mapambo wanaitumia, chukua urefu wa chumba na upana kwa futi, jumlisha, jibu lisome kama inchi, huo ndo upana wa taa. Sebule yangu futi 16 kwa 14, maana yake inchi 30. Mimi nilinunua ya 40. Halafu urefu! Dari letu futi tisa na nusu na ile taa inashuka futi nne, nipigie hesabu, mume wangu akipita anainama kama anaingia pangoni. Chini ya taa acha angalau futi saba mtu apite na kichwa chake. Juu ya meza ya chakula hapo hamna anayepita, hapo ishushe mpaka ibaki inchi 30 mpaka 36 kutoka mezani, ndo inapendeza, sahani zenyewe zinang'aa.

Nina mama mdogo yuko Muscat, nilipoenda kumtembelea akanipeleka ule msikiti mkuu wa Sultan Qaboos uliofunguliwa 2001. Ile thurea ya ukumbi wa wanaume ina urefu wa mita 14 na uzito wa tani nane na nusu, kristali laki sita, na kuna wakati ilihesabiwa kubwa kuliko zote duniani. Nilisimama chini nikasahau kupiga picha. Lakini angalia, haionekani kubwa kupita kiasi hata kidogo, maana kuba iko juu huko mbali. Mimi nilitaka kuweka kitu cha hivyo chini ya jipsam.

Na jipsam yenyewe tuiseme. Fundi wangu wa kwanza aliitundika kwenye jipsam kavu kavu, vile vidude vya plastiki vya kushikia skrubu vinne, akasema "mama hii haitoki hata kwa dua." Wiki ya tatu nikaona ufa mwembamba umezunguka kikombe cha juu, kama mviringo wa kalamu ya risasi, na taa imeshuka upana wa kidole. Ingekuwa ya kioo kweli ingekuwa imeshamwangukia mtu. Jipsam haibebi kitu jamani, jipsam ni kama karatasi iliyovaa suti. Fundi wa pili alipanda darini, akapigilia ubao mnene kati ya kenchi mbili, akapitisha kulabu ya chuma ikatokeza chini, taa ikashikwa na kulabu na jipsam ikabaki pambo tu. Kama juu kwako ni zege ndo raha zaidi, toboa zege. Na haya yafanyike kabla dari halijafungwa, usije ukalipa mara mbili kama mimi.

Hii ya sasa nimeipata kwa familia iliyokuwa inahama wanauza vitu, ndogo, matawi manane, inchi 26, kioo. Mume kasema afadhali. Iko juu ya meza ya chakula.

Balbu sasa, hapa watu wengi wanaharibu kazi yote. Fundi aliniwekea nyeupe, zile zilizoandikwa 6500K, namba ya rangi ya mwanga, jioni tukakaa tunakula tunafanana na wateja wa duka la dawa. Tafuta 2700 au 3000, ule mwanga wa njano njano. Na usichukue zile balbu za ukungu, chukua zenye kioo angavu unaona nyuzi ndani, maana kristali inataka kimwanga kidogo chenye ncha kama mshumaa, ukiipa mwanga uliotawanyika haina cha kuvunja, inakaa tu imenuna. Soketi nyingi ni E14, zile nyembamba za kuzungusha, siyo zetu za pini, kwa hiyo nunua za akiba siku hiyo hiyo. Na LED, tafadhali. Nane za wati 40 ni wati 320 zinakula luku huku zinachoma chumba, nane za LED wati nne ni 32.

Kinachobaki ni usafi, na huko hakuna anayekwambia dukani. Vumbi la Dar, chumvi ya upepo wa bahari inayokula rangi ya dhahabu kwenye chuma, na mvua za masika zikianza kumbikumbi wanaingia wote kana kwamba wamealikwa, asubuhi unakuta mabawa yamejaa kwenye vile vikombe. Bibi alikuwa anaosha kabla ya kila Idi. Beseni, chini anatandika taulo ili tone likiponyoka lisipasuke, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, anasuuza kwenye maji yenye siki, anafuta na kanga kuukuu iliyolainika. Sisi wajukuu kazi yetu ni kuhesabu, sauti ya juu, na ukikosea unaanza upya. Mimi naongeza moja tu, piga picha kwa simu kila tawi kabla hujatoa kitu, mara ya kwanza sikupiga nikakaa mpaka saa sita usiku najaribu kukumbuka refu linakaa wapi na fupi wapi. Na zima umeme kwenye mein swichi, siyo swichi ya ukutani.

Yangu ina matone 72. Jumamosi iliyopita tulihesabu mara tatu yakawa 71, nimepekua beseni, taulo, mpaka mfuko wa vumbi. Binti yangu wa darasa la nne anaapa hajui, ila tangu siku hiyo asubuhi anachelewa kutoka chumbani kwake, na dirisha lake ndo linaloangalia mashariki.