Siku moja maishani mwangu: Ijumaa karakanani

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta macho. Chumba tumepanga wawili hapa Dodoma, na mwenzangu wa bodaboda amerudi saa nane usiku, kwa hiyo naswali kimyakimya na kuvaa ovaroli gizani. Ni wiki yangu ya sita kwenye chuo cha ufundi kinachoendeshwa na Masalesiani wa Don Bosco, shirika la watawa Wakatoliki. Kijana wa Kondoa, Mwislamu, kwa mapadre! Mama aliuliza mara moja tu: "Hawatakulazimisha kusali kwao?" Nikasema hapana. Akauza mbuzi wawili, ada ikalipwa.

Saa 1:30 asubuhi. Mstarini. Kila siku kuna neno la asubuhi, dakika chache tu. Leo ni zamu ya Bruda, mtawa anayetufundisha kuchomelea. Hakuhubiri, alitusomea mkataba. Kuanzia mwaka 1851 kule Turin, Italia, Padre Giovanni Bosco, ndiye Don Bosco mwenyewe, aliwatafutia vijana wake mafundi wa kuwafunza kazi, na hakuwaachia waende kwa ahadi za mdomo. Watu walitia saini, padre naye akatia yake. Mkataba mmoja wa useremala, wa Februari 1852, unambana fundi: asimpe kijana kazi zisizohusu ufundi; akikosea, amrekebishe kwa maneno tu; sikukuu amwache huru.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Mwaka mmoja na nusu nilikuwa saidia fundi kwa mtu wa mageti kando ya barabara. Nilichota maji, nilifuata chapati, niliosha pikipiki yake. Mashine niliishika akiwa amelala. Kioo cha kuchomelea kilikuwa kimoja, chake. Usiku macho yangu yalikuwa kama yamemwagiwa mchanga, dada ananiwekea vipande vya kiazi kibichi. Nikikosea kipimo, napata bomba la mgongo. Nilidhani ndivyo ufundi unavyoingia mwilini.

Saa 2:15. Karakanani. Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5, ampea 80. Nagonga slagi, lile gamba linalofunika mshono; chini yake mshono umejaa matundu.

"Unaona nini?" Bruda anauliza.

"Matundu, Bruda."

"Yametoka wapi?"

Kisha anangoja. Huyu mtu anajua kungoja, hadi unatamani akuchape yaishe. Nikasema labda nashika kijiti mbali mno na chuma. "Rudia, kisogeze," akasema, akaenda kwa mwingine.

Saa 4:30. Chai, halafu mpira. Bruda ni kipa, tena kipa mbovu. Mwanzoni niliona anatupeleleza. Baadaye nikaelewa kwamba ndiyo malezi yao tangu enzi za Don Bosco: mlezi akae katikati ya vijana, kosa lizuiwe kabla halijatokea, badala ya kuliviziavizia ili atoe adhabu.

Saa 5. Hisabati na mchoro. Hapa sina cha kujisifu. Kidato cha nne nilipata F.

Saa 6:15 mchana. Nimeinamia fremu ya dirisha, naguswa bega. "Wewe, Ijumaa itakupita."

"Namalizia kona hii tu, Bruda."

"Mkataba unasemaje?"

Nikavua glavu. Nilifika msikitini hotuba ikianza, ovaroli ikinuka moshi, mzee mmoja akanisogezea nafasi.

Saa 8. Nimerudi. Kona ilikuwa inanisubiri, na safari hii mshono ulitoka na tundu moja tu.

Saa 10:30 jioni. Tumefagia. Nimemwomba Bruda ile karatasi ya mkataba niinakili. Hakuuliza ya nini.

Saa 3 usiku. Naandika kwa tochi ya simu. Ukurasa wa mwisho wa daftari, wiki ya kwanza, niliandika mstari mmoja: "Cheti cha VETA, nikatafute hela." Nimeukata. Sasa pana ngazi ya tatu ya cheti hicho cha ufundi badala ya kuishia ya kwanza, na hisabati kila Jumanne na Alhamisi na jamaa wa umeme anayeijua. Mtu asiyejua kupiga hesabu ya vyuma atawafundisha nini wenzake? Chini yake nimenakili masharti ya mwaka 1852, kwa ajili ya vijana wa karakana nitakayofungua Kondoa. Penye sikukuu nimeongeza na Ijumaa. Na sharti moja nimeliongeza mwenyewe: kila kijana awe na kioo chake.