Kilio changu nakilia Saint-Hilaire

Mdogo wangu mmoja wa Goma aliona picha nimening'inia chini ya deltaplani, lile bawa kubwa la kurukia lisilo na injini, juu ya bonde la Grésivaudan karibu na Grenoble, Ufaransa, akaandika kwenye kundi la familia mbele ya wote: «Yaya, uko nalipa Bazungu feza juu bakurushe ku mulima, na batoto ba marehemu banafukuzwa ku masomo?» Mama mkubwa naye akaongeza kwamba Ulaya imenisahaulisha kulia. Yamenichoma. Nayajibu hapa kwa sababu najua wengi wa Grenoble na Lyon huambiwa hivyohivyo siku wakionekana wamecheka.

Minerval, yaani karo, ya watoto wa marehemu imelipwa. Niliituma kabla sijalipa hata senti ya mafunzo, na mama yao yupo, muulizeni. Benki za Goma zilipofungwa nilipitisha kwa simu, na makato yake mnayajua. Mafunzo ya wiki moja yalipita euro 600. Kwa anayepanga mtaa wa Himbi, Goma, hiyo ni pesa ya kutisha. Huku inakaribia kodi ya mwezi ya chumba changu na jiko.

Sasa hilo la kulia. Marehemu alikuwa rafiki, hatukuzaliwa tumbo moja. Lava ya volkano ya Nyiragongo, Januari 2002, tuliikimbia pamoja tukiwa watoto, mkono kwa mkono, mpaka Gisenyi. Mwisho wa Januari 2025 vita ilipoingia mjini, risasi iliyopotea ilimkuta ndani ya uwanja wa nyumba yake. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, na karatasi zangu zilikuwa bado katika ofisi ya wageni zikisubiri kufanywa upya. Ningetoka bila hizo, nisingerudi. Nikaenda kwa wakubwa wa kazi kuomba siku tatu tu, nilie nyumbani kwangu. Wakaniuliza: ni mke? Mtoto? Mzazi? Ndugu? Sheria ya Ufaransa inawataja hao, na wakwe pia. Rafiki hayumo. Mtu niliyekula naye sahani moja tangu utotoni, kwao hakustahili hata siku moja! Jioni hiyohiyo nilikuwa mbele ya mashine. Kwetu viti vingeletwa, turubai lingetandwa, moto ungewaka uani na watu wangelala nje mpaka azikwe. Mimi nililia ndani ya choo cha kiwanda, mdomo nimeubana kwa mkono wa koti ili wa chumba cha pili asisikie.

Ninyi mnaojiandaa kuja, tafuteni watu wa kulia nao kabla kilio hakijawafikia: kanisa, msikiti, chama cha watu wa Kivu, hata jirani wa mlango wa pili. Na karatasi zipelekeni mapema, msingoje zikaribie kwisha. Kifo hakisubiri miadi.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee wa kazini, Mfaransa asiyependa maneno. Wiki nzima aliyaona macho yangu, hakuuliza kitu. Ijumaa akaniambia kesho anapanda Saint-Hilaire du Touvet, kijiji cha mlimani juu ya bonde lile, twende. Ndipo panapofanyika Coupe Icare kila Septemba, sikukuu ya warukaji iliyoanza miaka ya 1970. Siku ile hapakuwa na sikukuu. Kulikuwa na majani yaliyolowa, mwamba wa Dent de Crolles nyuma yetu, na mzee akitoa mabomba ya alumini kwenye mfuko mrefu, akitandaza kitambaa, akiingiza mbavu za bawa moja moja mpaka likakamilika, upana wa mita kumi hivi. Akanivalisha mikanda, akanilaza hewani chini ya bawa huku mwenzake akilishikilia pua. Ndivyo wanavyohakikisha ndoano inayokushika kwenye bawa imefungwa. Kuisahau ndoano hiyo ni kufa, na sijaona anayeacha kuikagua hata akiwa na haraka gani.

Tukakimbia pamoja kuukabili upepo, ardhi ikaisha.

Deltaplani haina usukani. Kuna bomba la pembetatu mbele ya kifua: ukilivuta, kasi inapanda, ukilisukuma, inapungua, mwili ukiupeleka kulia, bawa linageuka kulia. Ni kama chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, likiteremka Kibumba na magunia ya viazi, uzito wa mwili ndio unaoamua. Na kwenye chukudu marehemu alikuwa bingwa. Aliinama kabla ya kona, mguu juu ya kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma, akinipigia kelele nisiogope.

Jua likipiga miamba, hewa yake inapata joto na kupanda, nawe unazunguka humo ukipanda nayo; kifaa kidogo kwenye bomba kinalia haraka zaidi kadiri unavyoinuka. Humo ndimo nilipolia kwa sauti yote niliyonyimwa. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita tena. Mzee alinisikia, lakini hakuharakisha kutua Lumbin, chini bondeni. Aliendelea kuzunguka mpaka nikanyamaza mwenyewe. Hakuna aliyenifanyia wema kama huo tangu nifike nchi hii.

Ndiyo maana nikajifunza kuruka peke yangu. Atakayetaka, asinunue bawa kuukuu kwenye intaneti akajirusha. Aanze kwa kuruka na rubani, kisha shule yenye mwalimu mwenye cheti, na bima mkononi.

Mjane aliniomba video, nikamtumia. Mtoto wa kwanza wa marehemu akapiga simu kuuliza kama mtu anaweza kurukia Nyiragongo. Nikamkataza kabisa: kileleni ni mawe na gesi, hapana pa kukimbilia wala pa kutua. Nikamwambia miteremko ya malisho kule Masisi ingefaa zaidi, majani matupu na nafasi ya kutua chini. Akasema huko sasa hakupitiki. Nikamjibu najua, asome kwanza fizikia, vitabu nitamtumia kwa mtu anayepitia Kigali.