Nilivyoifundisha simu kuisikia mvua kabla ya kuanua karafuu

Nilitaka simu iisikie mvua ikianza Kangagani, imwonye aliyeanika karafuu Ole, vijiji viwili vya Pemba. Kijana mmoja aliyesomea kompyuta aliniambia nisihangaike na sauti, modeli kubwa za utabiri, yaani programu zilizojifunza kwa mifano mingi, zimeshamaliza kazi. Kweli, GraphCast ya Google DeepMind ya mwaka 2023 inatabiri hali ya hewa ya dunia nzima kwa siku 10 mbele, tena chini ya dakika moja, na naiheshimu. Lakini inaigawa dunia kwa miraba ya robo digrii, yaani kama kilomita 28 huku kwetu. Pemba kwa upana haifiki kilomita 25! Mwenye karafuu juani Ole anachotaka kujua ni kama mvua ya Kangagani itamkuta hajaanua. Karafuu mbichi ikirowa na kuvunda inakuwa mpeta, na mpeta haina bei.

Ushauri wa pili: chukua YAMNet, modeli ya bure inayotambua aina 521 za sauti, mvua ikiwemo, itumie kama ilivyo. Nikatundika simu kuukuu kwa shangazi Kangagani, chini ya bati. Vuli hiyo, jua linawaka, simu ikatangaza mvua. Ami yangu kule Ole akaita watoto, majamvi yakakunjwa mbio, karafuu zikaingizwa ndani. Mbingu nyeupe. Akanipigia: "Mwanangu, hiyo mvua yako inanyea wapi?"

Yalikuwa makuti. Upepo ukipita kwenye minazi, hata mtu mzima hutoka kuanua nguo, seuze modeli iliyofunzwa kwa sauti za mbali.

Nikageuza sauti kuwa spektogramu, ile picha ya sauti nene chini na nyembamba juu, muda ukienda kushoto hadi kulia. Hapo ndipo nilipofurahi. Makuti yanaacha wingu linalovimba na kunywea polepole. Tone juu ya bati linaacha mstari wima, mwembamba kama jino la kitana. YAMNet husikiliza vipande visivyofika sekunde moja, kwa hiyo ule uvimbe wa upepo hauuoni. Nikayaacha matabaka yake ya chini, yaani hatua za mwanzo za kuichambua sauti, kama yalivyo, nikafunza tabaka dogo la juu lisome nusu dakika nzima, na makuti nikayapa fungu lake, kando ya rasharasha na mvua kubwa. Siku za upepo mkavu ndizo nilizorekodi zaidi. Watu hukusanya mvua tu, wanashangaa modeli inaota mvua.

Bati nalo nililihamisha: kipande kimoja juu ya vigingi, mbali na minazi na mbali na baraza, maana mazungumzo ya kina mama si ya kurekodiwa. Kinachotumwa ni jibu tu, sauti inafutwa. Zima kichuja kelele cha simu, kwake mvua ni kelele. Kupimia mvua yenyewe, kopo lililonyooka pande na rula vinatosha. Milimita moja ni lita moja kwa mita ya mraba. Kompyuta ya mamilioni usinunue, nilifunzia mashine za bure za Google mtandaoni. Gharama kubwa ilikuwa bando.

Sasa ujumbe ukitoka Kangagani, ami anaanua bila kuniuliza. Mara nyingine mvua inafia njiani, hilo modeli haiwezi kulijua kwa simu moja. Na kusi likishika, mvua hutokea kwingine; natafuta mtu Kengeja, kusini mwa Pemba, mwenye uwanja mweupe usio na minazi.