Wembe Nilioukuta Chini ya Kasha la Patasi

Wembe huu sikuutafuta. Miaka minne iliyopita nilikwenda kwenye mnada wa vyombo vya nyumba moja ya zamani ya shambani, upande wa Njoro, kwa nia ya kununua patasi, kwa kuwa ninafundisha useremala hapa Nakuru na patasi za chuma kizuri cha zamani ni adimu madukani. Niliuziwa kasha zima kwa shilingi 1,500. Chini kabisa, ndani ya kitambaa kilichokakamaa kwa mafuta, palikuwa na wembe wa kukunja, mpini wake wa pembe nyeusi, bapa lake limeingia kutu ya kahawia, na karibu na shina la bapa hilo limechapwa neno ambalo mtu yeyote anayenoa vyombo vya kazi hulitambua mara moja: Sheffield.

Ni katika mji huo wa Uingereza, katika miaka ya 1740, ambako mtengeneza saa aliyeitwa Benjamin Huntsman alifaulu kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo mpaka kikawa cha namna moja kuanzia nje hadi ndani, na chuma cha aina hiyo ndicho kinachokubali makali membamba yasiyomeguka. Baadaye Solingen, nchini Ujerumani, ulijipatia sifa kwa kuchonga bapa la wembe pande zote mbili mpaka likabonyea kwa mviringo, likawa jembamba kama karatasi kuelekea kwenye makali. Kisha mwaka 1903 Gillette wa Marekani akaanza kuuza wembe wake wa kubadilisha. Mwaka huo wa kwanza aliuza vishikio 51 tu na nyembe 168, lakini mwaka uliofuata vishikio vilivyouzwa vilipita 90,000, na wembe wa kukunja ukaanza kurudi nyuma katika nyumba za watu.

Nilikuwa na umri wa miaka 41 na nilikuwa sijawahi kushika wembe wa namna hiyo. Nilikuwa nikinyolewa kwa mashine kwa kinyozi, au nikinunua nyembe za plastiki za kutumia na kutupa. Jioni ile ile niliuweka juu ya meza ya karakana, nikaanza kuondoa kutu kwa msasa laini sana na mafuta, na chini ya kutu nikakuta chuma kizima, chenye madoa machache meusi ambayo bado yapo. Niliamua kuyaacha, kwa sababu kuyafuta kungenilazimu kulila bapa zaidi ya ilivyohitajika.

Jambo lililonivuta zaidi lilikuwa kunoa, wala si kunyoa. Patasi huinuliwa juu ya kinoo kwa pembe ya digrii 25 au 30, na mkono ukitetereka makali huharibika. Hili ndilo somo ambalo wanafunzi wangu hulihangaikia muhula mzima. Wembe wa kukunja hulazwa chapa, mgongo na makali vyote viwili vikigusa jiwe kwa wakati mmoja, na unene wa mgongo ndio unaoamua kwamba makali yatatoka na pembe ya takriban digrii 16 au 17. Mgongo nao huliwa na jiwe pamoja na makali, kwa hiyo uwiano hudumu hata baada ya vizazi viwili vya kunoa. Kipimo kimejengwa ndani ya chombo chenyewe. Nimeshika vyombo vya kukatia tangu ujana wangu, na sidhani kama kuna kimoja kilichofikiriwa vizuri kuliko hiki.

Nilianza na jiwe la namba 1000, ambalo huondoa chuma kwa haraka na kuyapa makali umbo, nikaendelea na la 4000, kisha la 8000, na mwisho la 12000 ambalo ukiligusa kwa kidole hulihisi kama kioo kilicholowa. Kazi ya kila jiwe ni kufuta mikwaruzo ya jiwe lililotangulia na kuacha yake iliyo midogo zaidi. Kuna ishara moja ambayo sichoki kuitazama. Makali yakiwa bado hayajalala sawasawa, maji yaliyo juu ya jiwe husukumwa mbele ya wembe na kupita chini yake katika sehemu fulani. Yakishakuwa sawa kutoka shina hadi ncha, maji hupanda juu ya bapa kwa urefu wake wote, kama pindo la shuka linaloinuliwa kwa pamoja. Siku ilipotokea hivyo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekaa saa tatu, umeme umepotea, ninafanya kazi kwa mwanga wa dirisha. Nikapitisha wembe juu ya mkono wangu, kiasi cha sentimita moja kutoka kwenye ngozi, na vinyweleo vikaanguka bila kuvutwa.

Baada ya jiwe hufuata ukanda wa ngozi. Fundi wa viatu alinikatia wangu kutoka ngozi ya ng'ombe, upana wa inchi 3 na urefu wa inchi 20, nami nikaushonea kitambaa cha kitani upande wa pili. Makali ya wembe ni membamba kiasi kwamba kunyoa mara moja tu hutosha kuyapinda, na ukanda huyanyoosha tena bila kuyapunguza. Kila asubuhi kabla ya kunyoa ninaupitisha wembe mara 20 kwenye kitani na mara 50 kwenye ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, na mwisho wa kila mpito ninaugeuza juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Ukanda wangu una alama tatu za mkato za wiki ya kwanza, wakati nilipokuwa bado ninageuza kwa haraka.

Kuhusu kunyoa kwenyewe, wahenga wamekwisha kutupa nusu ya somo. Sote tunaitumia methali ya mwenzako akinyolewa, zako tia maji, tukiwa na maana ya kujiandaa kwa yanayokuja, na tunasahau kwamba aliyeitunga alikuwa akisema jambo la kweli kuhusu nywele. Unywele mkavu ni mgumu. Ukikaa kwenye maji ya moto kwa dakika mbili au tatu hunywa maji, huvimba na kulainika, na wembe hupita bila kuung'ang'ania. Nakuru iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Julai hapa zina baridi ya kuuma vidole, kwa hiyo birika huwekwa jikoni kabla ya jambo lolote lingine. Ninajikanda uso kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha ninapiga povu la sabuni kwenye bakuli kwa burashi mpaka liwe zito kama maziwa lala, lisilo na viputo vikubwa vya hewa.

Wembe huwekwa kwenye shavu kwa pembe ya takriban digrii 30, na mkono mwingine huivuta ngozi. Kinyozi mmoja mzee, aliyewahi kutumia nyembe hizi kabla ya kuhamia kwenye zile za kubadilisha, alinitazama nikimwonyesha kwa mgongo wa kalamu jinsi ninavyofanya, akanikatiza: "Mwalimu, ivute ngozi kwanza. Wembe haufai kuifukuza ngozi iliyolegea." Tangu siku hiyo nimeacha kujikata chini ya kidevu. Wembe ukipita sawasawa husikika mlio mdogo mkavu, kama wa ufagio wa njukuti ukipita juu ya mchanga nyumba ya tatu. Pembe ikizidi kuinuka, mlio huwa mkali na ngozi hukwaruzwa. Ikilala mno, mlio hufifia na nywele huvutwa. Hivyo ninanyoa kwa sikio kama ninavyonyoa kwa jicho, na kwa dakika ishirini hakuna nafasi ya wazo lingine. Mkato mkubwa niliowahi kupata, wa sentimita mbili chini ya taya la kushoto, niliupata asubuhi niliyokuwa nikifikiria alama za mitihani zilizokuwa hazijakamilika. Nilibonyeza shabu iliyoloweshwa maji mpaka damu ikakoma, na siku hiyo nilimalizia upande wa pili baada ya kazi.

Kuna faida nyingine ambayo wanaume wengi wa huku kwetu wataielewa. Ndevu zetu zilizojipinda, zikikatwa chini mno, hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, nazo huleta vipele shingoni. Wembe wenye makali matatu au matano huuvuta unywele kabla ya kuukata, na baada ya hapo ncha yake huzama chini ya uso wa ngozi. Makali mamoja, yakifuata mwelekeo wa ndevu zinavyoota, huukata usawa wa ngozi na kuuacha hapo. Shingo yangu imetulia kwa miaka mitatu sasa. Simwahidi mtu yeyote jambo hilo, kwani wapo ambao dawa yao ni kuacha ndevu zikue, na mwenye vipele vinavyotunga usaha anapaswa kumwona daktari wa ngozi kabla ya kubadilisha wembe.

Ninasisitiza kwamba wembe huu ni wa mtu mmoja. Tangu UKIMWI ulipojulikana nchini katika miaka ya 1980 tumefundishwa kutoshirikiana wembe, na homa ya ini aina ya B nayo hupita kwa damu. Ukanda wa ngozi hauwezi kuchemshwa. Kinyozi anayefungua wembe mpya mbele ya kila mteja anafanya lililo sahihi, na hobi hii haipaswi kumrudisha nyuma. Wangu hukaa kabatini kwa kufuli, kwa kuwa nyumbani nina mtoto wa miaka sita.

Adui wake mkubwa ni maji. Chuma hiki hakina kromi ya kukikinga na kutu, na nilijifunza hivyo Kisumu, nilipomtembelea dada yangu anayeishi karibu na ziwa na kuuacha wembe bafuni kwa siku mbili. Hewa nzito ya huko ilitosha kuyachora makali vitone vya rangi ya chungwa, nami nikalazimika kurudi kwenye jiwe la 8000. Sasa ninaukausha kwa kitambaa, ninauacha wazi kwa saa moja, kisha ninaupaka tone moja la mafuta ya cherehani kabla ya kuukunja.

Mwezi uliopita nilipata wembe wa pili, wa Solingen, mwembamba kiasi kwamba ukiupitisha kucha kwenye makali unaona chuma kikipinda na kurudi. Una pengo dogo, karibu milimita mbili kutoka kwenye ncha, na haliwezi kuondoka bila kuanza upya kutoka jiwe la 1000. Nimeutenga kwa likizo ya Agosti.