Nilipoipa Bia ya Mzee Alama Tano

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, pale Giesing mjini München, alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu. Humo ndani hamkuwa na kitu kingine ila bia. Kila ukurasa bia moja: jina, tarehe aliyoinywa, maneno mawili matatu, na chini kabisa namba ndani ya duara. Alikuwa fundi bomba mstaafu aliyefiwa na mkewe. Tangu nihamie pale Aprili 2011 tulikuwa tukisalimiana ngazini tu, yeye akiniita Herr, yaani Bwana, na jina la ukoo, nami vivyo hivyo.

Septemba ile wenzangu wa kozi ya lugha walinivuta Oktoberfest, sikukuu ya bia ya mji ule. Nililipa karibu euro 9 kwa kikombe cha lita nzima, nikapanda juu ya benchi kama wengine, nikaimba nyimbo nisizozijua. Niliporudi nikakutana na mzee ngazini. Akauliza nimekunywa nini. Nikajibu kwa kujiamini: Märzen, maana nilikuwa nimesoma kwamba ndiyo bia ya sikukuu ile.

"Ilikuwa na rangi gani?"

"Ya dhahabu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Siku hizi mahemani wanauza bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, akasema. Märzen yenyewe ni nyekundu-kahawia. Akanialika jikoni kwake Alhamisi, tarehe 29.

Tarehe ile hakuichagua ovyo. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria alipiga marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili mpaka 29 Septemba, siku ya Mtakatifu Mikaeli, kwa sababu joto la kiangazi lilikuwa likiiharibu. Basi Machi, ambayo wao huiita März, wapishi walikuwa wakipika ya mwisho, kali kidogo ili ikae, wanaifungia kwenye mapango yenye barafu. Kiangazi kizima watu wanaipunguza pole pole. Ikifika mwisho wa Septemba mapipa yanatakiwa yawe matupu, msimu mpya unaanza. Yote haya alinieleza akiwa anakata figili nyeupe, ndefu kama mkono wa mtoto, kwa mzunguko mmoja usiokatika, mpaka ikaning'inia kama kamba. Akainyunyizia chumvi, akaiacha itoe maji. Mimi Kijerumani nusu naelewa, nusu nabahatisha.

Chupa zilikuwa ndani ya beseni la maji baridi. Friji inaua harufu, alisema. Akasuuza glasi, hakuzikausha, akaisukuma kwa vidole gumba ile waya inayoshikilia kizibo cha kauri. Po! Ilitoka na rangi ya chai kavu iliyokolea, povu lake si jeupe hasa, limeelekea kwenye krimu.

Nikainusa, nikabaki nimeinamia glasi.

Ilikuwa harufu ya ukoko wa wali, ule wa chini ya sufuria kabla haujaungua. Nyuma yake kulikuwa na kitu kingine nilichokijua vizuri zaidi ila jina likawa linanikwepa. Nilipomeza ndipo likaja: kimea. Bibi yangu kule Kibosho alikuwa akiloweka ulezi, anaufunika kwa majani ya migomba mpaka uote, anauanika, halafu anausaga kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Nyumba nzima ilikuwa ikinuka vile. Hawa wanatumia shayiri, na kimea chao wanakikausha kwa moto, ndiyo maana ya ule ukoko. Kwenye uchungu wao wanatia hopi, maua machungu ya mmea fulani. Bibi alitia gome la msesewe, na mkono wake haukuwa mwepesi.

Bia yenyewe inaanza tamu, unadhani itakuwa asali, halafu katikati ya ulimi inajikausha na kuondoka na uchungu kidogo tu. Lebo ilisema asilimia 5.8. Hapo ndipo hatari yake ilipo: inateremka kama maji, ukija kusimama ndipo unaambiwa.

Mzee akanisogezea daftari na kalamu. Nikamwambia Kijerumani changu cha ladha kina maneno mawili, "nzuri" na "nzuri sana". Akasema niandike kwa lugha yangu. Nikaandika mistari mitatu, ukoko, kimea, msesewe, vyote vikaingia. Ikabaki namba. Nilikuwa nimechungulia kurasa za nyuma nikaona 2, 3, 2, 3, mara moja 4, nikajisemea mzee huyu ana mkono wa birika kweli. Mimi nikaandika 5, nikaizungushia duara nono.

Akaitazama. Hakusema kitu. Akachukua glasi yangu, akainusa, akainusa chupa, akaenda kwenye beseni akaleta nyingine. "Hiyo imeharibika?" akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

Ilituchukua muda kuelewana. Shule za kwao 1 ndiyo bora na 6 ndiyo aibu; 5 umefeli. Na mtu niliyesoma Tanzania, niliyelilia Divisheni Wani, daraja la juu kabisa la mtihani, miaka minne, ningepaswa kuwa wa kwanza kushtuka.

Alipoacha kucheka alinikataza kuifuta. Pembeni ya tano yangu akaandika "kwa Kiswahili", akaweka na mshangao. Chini yake akaandika alama yake mwenyewe: 2.

Nikamuuliza, bia kama hii, kwa nini si 1? Nimefunua kurasa, sijaona 1 hata moja.

"Bado sijafa," akasema, akaivuta chupa ya tatu.