Roger wa Pili: alishindwa vitani, taji likabaki kichwani

Hapa Moshi, ukimtajia mwanafunzi wa historia Wanormani, wapiganaji waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, atakujibu haraka: William, Hastings, 1066. Sawa, lakini William aliteka Uingereza, ufalme uliokuwepo. Roger wa Pili wa Sisilia, kisiwa cha kusini mwa Italia, naye Mnormani, aliunda wake.

Alizaliwa Desemba 1095. Baba yake alifariki 1101, kaka yake Simon 1105, naye akarithi kisiwa akiwa na miaka tisa. Mama yake, Adelaide, alimshikia utawala hadi 1112, makao yakahamia Palermo, penye bandari na makarani wa Kiarabu na Kigiriki waliojua kuhesabu kodi. Kodi hiyo ndiyo iliyolipia merikebu na askari.

Julai 1127 jamaa yake wa ukoo, mtawala wa Apulia, kusini mwa bara la Italia, alikufa bila mtoto. Roger akatweka tanga upesi hadi Salerno. Papa Honorius II alimtenga na Kanisa, akamletea jeshi. Roger hakupigana. Alikaa ng'ambo ya mto akingoja, mpaka mabwana wa upande wa Papa wakachoka na kuanza kutawanyika. Agosti 1128 Papa mwenyewe akamkabidhi Apulia.

Honorius alipofariki 1130, walichaguliwa mapapa wawili. Innocent II alikimbilia Ufaransa. Anacletus II alibaki Roma akihitaji mlinzi, na malipo ya ulinzi yakawa taji. Roger alitawazwa Palermo siku ya Krismasi mwaka huohuo.

Vitabu vingi huishia hapo, kumbe shida ndiyo kwanza inaanza. Alishindwa Nocera 1132. Akashindwa tena Rignano 1137, mwaka ambao Kaisari Lothair alishuka kutoka Ujerumani na kuteka sehemu kubwa ya bara. Mbona hakuanguka? Sisilia yenyewe haikuguswa, kwa hiyo hazina haikukauka. Askari wake Waislamu hawakujali laana ya Papa. Lothair naye hakuweza kukaa: jeshi lilitaka kurudi nyumbani, akafia njiani. Tarehe 22 Julai 1139, huko Galluccio, majeshi ya Roger yakamteka Innocent, na siku tatu baadaye, Mignano, Papa akamtambua kuwa mfalme.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu nyingine ya kumsoma. Ni yeye aliyemwagiza al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, kuandika kitabu cha jiografia, kilichokamilika Januari 1154, na ndani yake zimo Malindi na Mombasa. Roger alifariki mwezi uliofuata.