Silabi tatu zilizoniumbua Seoul

Teksi ilinila hela kuliko tiketi, na ukumbini kwenyewe hakuna viti: unavua viatu, unapewa mto, unaketi sakafuni. Dakika ya ishirini miguu ilishakufa ganzi. Ila kilichonitoa jasho ni makofi yangu mwenyewe.

Yalikuwa maonyesho ya gagok, uimbaji wa jadi wa Korea wa mashairi mafupi kwa ala. Wageni wengi huijua pansori, masimulizi ya kuimbwa: mwimbaji na mpiga ngoma wake, kilio na vichekesho. Gagok ni utulivu mtupu. Mwimbaji aliketi mikono mapajani, hata nyusi hazikucheza. Pamoja naye kulikuwa na geomungo ya nyuzi 6, inayodonolewa kwa kijiti cha mwanzi. Gayageum ya nyuzi 12, ya vidole. Daegeum, filimbi ndefu ya kulaza. Haegeum, zeze la nyuzi 2. Sepiri, zumari nyembamba. Na ngoma ya janggu. Zumari nene ingemmeza mwimbaji chumbani, ndiyo maana huletwa nyembamba. Mpiga janggu naye hugonga ukingoni mwa ngozi, si katikati.

Shairi ni sijo: mistari mitatu, silabi kama 45. Zilichukua karibu dakika 10! Irabu moja inavutwa, inatetemeshwa, inapandishwa kwenye sauti nyembamba ya kichwani, inashushwa. Ukingoja neno likamilike, utakuwa umesahau lilivyoanza.

Mistari hiyo mitatu huimbwa kwa vipande vitano. Mstari wa kwanza hutoa viwili, wa pili kimoja. Hapo mwimbaji akanyamaza, ala zikaendelea. Nikapiga makofi. Peke yangu.

Kumbe hiyo ni jungyeoeum, ala zikijaza nafasi kati ya kipande cha tatu na cha nne. Mama mmoja jirani yangu akanigusa goti, akanyoosha vidole vitano, akakunja vitatu. Vilibaki viwili. Cha nne kilikuwa silabi tatu tu, za mwanzo wa mstari wa mwisho. Mwimbaji alizitandaza kana kwamba hana pa kwenda. Cha tano kikabeba zilizobaki.

Kwetu kwenye taarab ningeinuka katikati ya ubeti nikamtunze, naye angenipokea kwa tabasamu. Hapa niliikalia mikono.

Wimbo wa kufungia ulikuwa Taepyeongga, ambao mwanamume na mwanamke huuimba pamoja. Nilihesabu kwa vidole chini ya koti: kimoja, viwili, vitatu, ala, vinne, vitano. Hata hivyo nilisubiri yule mama aanze kupiga makofi.